Mwanangu anaanza PP1 Januari na bado hakubali kuachana nami, nianzie wapi?

Mama Kifungua, Langoni, Lamu

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nina mwana wa kiume, kifungua mimba wangu, atatimia miaka minne mwezi wa kumi na moja inshallah. Januari anaanza chekechea, PP1. Tunaishi Langoni nyumba moja na mavyaa wangu, mama wa mume wangu. Baba yake ni mvuvi, na upepo wa kaskazi ukishika ndiyo wanakuwa dago, kambi ya wavuvi, siku nyingi, kwa hivyo wiki za mwanzo wa shule nitakuwa peke yangu kumpeleka na kumchukua.

Mwana huyu hajabaki na mtu asiyekuwa mimi au nyanya yake tangu azaliwe. Nikitaka kwenda sokoni, mavyaa humwita uani kutazama kuku, mimi nikatokea mlango wa nyuma. Akigundua nimeondoka hulia mpaka sauti inamkauka. Chooni huniita nimvue, nimchambe, nimvishe. Chakula hulishwa tonge na nyanya yake, na akipewa sahani yake mwenyewe hukaa akiitazama. Mkono anaoutumia ni wa kushoto, na hilo pia ni kesi nyumbani.

Wiki iliyopita nilimpeleka shule moja ya kulipia ili aandikishwe. Dada aliyetupokea akamwekea karatasi ya herufi za Kiingereza mbele yake, akamwambia asome. Mwanangu akaingiza uso ndani ya buibui langu. Tukaambiwa huyu bado, tumrudishe mwakani. Nimerudi nyumbani moyo umenivunjika, maana binti wa jirani yangu ni wa rika lake na anaandika jina lake na kuhesabu hadi hamsini. Shule ya umma iliyo karibu nasi wao hawakumuuliza chochote, walinitaka tu cheti cha kuzaliwa na kijitabu cha kliniki.

Mavyaa anasema nimwache mwaka mmoja zaidi akue. Maalim wa chuo cha Qurani naye anamtaka baada ya alasiri kuanzia Januari hiyo hiyo. Nina miezi michache. Nianzie wapi? Nimnunulie vitabu vya herufi? Wenye uzoefu tafadhali.

---

Mwalimu Mstaafu, Mkomani

Waaleikum salaam mwanangu. Nimefundisha chekechea hapa Lamu hadi kustaafu, wana niliowafundisha sasa wananiletea wana wao. Nitakuandikia kwa urefu kwa sababu suala lako nimeulizwa na mama wengi mlangoni mwa darasa, na pale mlangoni huwa hakuna nafasi ya kujibu vizuri.

Kwanza hiyo karatasi ya herufi iondoe moyoni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya umma kumpa mtoto mtihani ili kuamua kama atapokelewa. Shule za kulipia zina taratibu zao, lakini hata huko, mtoto wa miaka minne aliyeficha uso mbele ya mtu asiyemjua hajafeli kitu. Katika mtaala huu ulioanza nchi nzima 2019, PP1 ni ya miaka minne, PP2 ni ya miaka mitano, kisha Gredi ya kwanza miaka sita. Mwanao yuko kwenye umri wake hasa. Herufi atazikuta darasani, na hatazikuta peke yake, zitakuja pamoja na nyimbo, kuchora, kuhesabu vizibo vya soda, mambo ya mazingira na masomo ya dini. Pesa ya kitabu cha herufi nunua kontena ya chakula na sabuni. Nitakueleza kwa nini.

Siku ya kwanza ya Januari nilikuwa sitazami nani anajua A. Nilikuwa natazama nani anaweza kuja kuniambia, "Mwalimu, nataka choo." Mtoto anayeweza kusema hivyo, siku yake inakwenda. Asiyeweza hukaa amebana miguu, hasikii hadithi, hasikii wimbo, halafu kaptula inalowa mbele ya wenzake na kesho yake hataki kuja. Mama hudhani mtoto ameogopa masomo. Ni choo.

Kwa hivyo anzia hapo. Choo cha shule si kama chako. Ni cha kuchutama, kina giza kidogo, mlango mzito, na ndoo ya maji yenye kopo linalotumiwa na watoto wote. Mwambie fundi amshonee kaptula ya lastiki kiunoni, isiwe na kulabu wala zipu wala mkanda. Nyumbani usimwambie "fanya mwenyewe" ukamwacha na kazi yote. Mvue wewe mpaka magotini, yeye amalizie. Akizoea, mwachie aanzie kiunoni. Kuchamba hivyo hivyo: mpe kopo dogo ambalo halikujaa, maana likijaa mkono unatetemeka na maji yote yanakwenda kwenye nguo. Amimine kwa kulia, aoshe kwa kushoto. Na hapa utaona mkono wake ule wa kushoto una nguvu, atajifunza upesi kuliko wenziwe. Kisha sabuni, kila mara, hata kama ni haja ndogo.

Kuhusu mkono wenyewe, mwambie mavyaa kwa upole kwamba kula kwa kulia afundishwe, hilo ni adabu yetu na dini yetu na mtoto wa mkono wa kushoto anaweza kulizoea. Lakini kalamu mwacheni aishike anavyoishika. Nimewaona watoto waliobadilishwa kwa nguvu, wanashika kalamu kama wameshika kitu cha moto, mstari hauendi, na wanaanza kusema hawapendi kuchora. Ukifika shuleni mwambie mwalimu mapema, amkalishe mwisho wa benchi upande wa kushoto, asigongane kiwiko na mwenziwe.

Sasa lile la mlango wa nyuma. Mwanangu, liache kuanzia leo. Najua linarahisisha asubuhi, na najua mavyaa wako analifanya kwa mapenzi. Lakini mtoto aliyetorokwa hujifunza jambo moja: ukimwacha mama aondoke machoni, ametoweka. Ndiyo maana anakushika buibui. Hawezi kucheza kwa sababu ana kazi ya kukulinda. Muage. Mwambie, "Naenda sokoni, nitarudi." Atalia. Mwache alie mikononi mwa nyanya yake, wewe nenda, kisha urudi wakati ule uliomwambia. Usimwambie saa, hajui saa. Mwambie kwa kitu anachokijua: "Ukimaliza kumenya hizi mbaazi pamoja na nyanya yako, mimi nitakuwa nimefika." Uzuri wa mji wetu adhana inasikika kila kichochoro, na chekechea nyingi hutoka karibu na adhuhuri. Mzoeshe sasa: "Ukisikia adhana ya adhuhuri, mama yuko njiani." Ukisema hivyo, uwe njiani kweli. Ukichelewa siku hiyo kwa sababu ya mazungumzo ya barazani umevunja kazi ya wiki nzima.

Anza na nyumbani, kisha kwa jirani, kisha kwa shangazi yake mtaa mwingine. Kuagana kuwe kufupi na kuwe kwa namna moja kila siku: mkono, busu, "fi amanillah," umekwenda. Usirudi kuchungulia dirishani.

Chakula nacho kina siri yake. Saa nne watoto wanatoa vikontena vyao. Kila mwaka nimeona mtoto amekaa na mahamri yake ndani ya kontena, anaitazama tu, kwa sababu kifuniko kimebana na anaona haya kuomba. Nunua kontena sasa, si Januari, na kila siku kitafunio chake akipate humo, akifungue mwenyewe, hata vidole vikiwa na mafuta. Kama hawezi kukifungua, kirudishe dukani utafute chepesi. Chupa ya maji vivyo hivyo. Na tonge mwacheni ajilishe. Wali utamwagika mkekani, utafagiwa. Mavyaa usimnyang'anye kazi, mpe nyingine. Kama anajua kusuka ukili wa mikeka, amkalishe mjukuu wake apinde majani mawili matatu ya miyaa. Vidole vinavyosuka, vinavyomenya mbaazi, vinavyotoa vijiwe kwenye mchele ndivyo vitakavyoshika kalamu. Maji yakipwa mteremshe pwani, mpe kijiti achore kwenye mchanga mbichi. Mstari mrefu, duara, samaki, chochote. Hicho ni kitabu kizuri kuliko vile vya kujaza nukta.

Njia ya shule itembeeni pamoja asubuhi, saa ile ile watakayokuwa wanakwenda watoto. Kutoka Langoni kuna vichochoro ambavyo punda mwenye mzigo wa mawe ya matumbawe na mtu hawapishani. Mfundishe kwamba akisikia "simile!" anageuka, mgongo ukutani, anasubiri mpaka punda wa mwisho apite, maana wa nyuma ndiye asiyeonekana. Na mtaro asiuruke, auzunguke.

Lugha usihangaike nayo. Sera ya elimu ya nchi yetu ni kwamba mtoto mdogo afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Zungumza naye Kiamu chako, Kiswahili chetu cha Lamu, mtolee hadithi, paukwa pakawa, halafu jioni mwambie naye akuhadithie alichokiona siku hiyo. Mtoto anayeweza kueleza kwamba kuku mweupe alimpiga mweusi kisha akapanda juu ya ukuta, huyo kusoma kutamjia. Asiyezoea kuulizwa chochote ila "umekula?" ndiye atakayepata taabu.

Usingizi: Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2019 linasema mtoto wa miaka mitatu na minne anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na kile cha mchana. Ukimwamsha saa kumi na mbili asubuhi, basi saa mbili usiku awe ameshalala, na mchana ajinyooshe tena. Huku kwetu harusi zinakesha na wana wanakesha nazo, lakini ikifika Desemba katikati anza kumrudisha kwenye saa zake.

Hati: cheti cha kuzaliwa usikiache mpaka Januari. Kuzaliwa kukiandikishwa baada ya miezi sita kunahesabiwa kuchelewa na kuna mzunguko wake, kwa hivyo kama hakipo anza sasa. Kijitabu cha kliniki kifungue uangalie kama chanjo ya pili ya surua na rubela, ile ya miezi 18, imewekwa. Matone ya vitamini A hutolewa kila miezi sita mpaka mtoto atimize miaka mitano, na watu wengi huacha kwenda mara mtoto anapoanza kutembea. Ukienda muulizie na dawa ya minyoo. Na jambo la shule ya umma ukikwama nalo nenda ofisi ya elimu ya kaunti, maana tangu Katiba ya 2010 chekechea iko mikononi mwa kaunti.

Kuhusu kusubiri mwaka: kama mtoto angekuwa mgonjwa, au hajatimia umri, ningesema subiri. Wako si hivyo. Mwaka mwingine wa mlango wa nyuma na tonge la kulishwa utakupa mtoto huyu huyu akiwa na miaka mitano. Lakini chuo cha alasiri, kwa maoni yangu, mwombe maalim akupe nafasi mpaka shule imtulie, walau muhula wa kwanza upite katikati. Shule asubuhi, chuo alasiri, vyote vipya kwa wakati mmoja, ni mzigo kwa mtoto huyo.

La mwisho na ni zito kwangu. Nyumbani asitokee mtu kumwambia "ngoja uende shule, mwalimu atakunyoosha." Sheria hiyo hiyo ya 2013 inakataza mtoto kupigwa na kudhalilishwa shuleni. Na hata bila sheria, mmemtisha mtoto na mtu yule yule mnayetaka amwamini.

Muhula wa tatu haujaisha. Omba ruhusa umpeleke akaone darasa wakati watoto wamo, kabla shule hazijafungwa. Darasa tupu la Desemba halimfundishi kitu.

---

Baba wa Tuktuk, Malindi

Shikamoo mwalimu. Mimi naendesha tuktuk hapa Malindi, asubuhi nabeba watoto wa chekechea wa Maweni na Kisumu Ndogo. Si mwalimu, ila mlango wa shule nauona kila siku kuliko wazazi wengi, kwa sababu mzazi humuona mtoto wake mmoja, mimi nawaona wote.

Alichosema mwalimu kuhusu kuaga ni kweli tupu. Januari kuna mama anashuka na mtoto, anamkabidhi, mtoto analia, mama anarudi kumkumbatia, anaondoka, anarudi tena. Kilio kinapanda kila akirudi. Mwingine anamkabidhi kwa mwalimu mkononi, anasema maneno yake mawili, anaondoka bila kugeuka. Kabla sijageuza tuktuk, yule mtoto ameshapewa kazi ya kubeba ndoo ya vizibo na anatembea nayo.

Ila dada, angalia na huyu mwingine: kuna mtoto halii kabisa. Anashuka kimya, anaingia kimya, anarudi kimya, chakula kimerudi vile vile. Watu wanamsifu. Mimi binti yangu alikuwa hivyo, na mwalimu wake ndiye aliyetuita akatuambia mtoto hazungumzi na mtu darasani. Tukamtafutia rafiki mmoja wa darasa lake awe anakuja kucheza nyumbani jioni, na mambo yakaanza kufunguka. Kwa hivyo usipime kwa machozi tu. Pima kwa kontena ikirudi.

Jambo jingine ni la usalama. Mwalimu ajue kwa jina na kwa sura nani anayemchukua mtoto. Ukiumwa siku moja ukamtuma mtu, piga simu kwanza. Mke wangu alishona kitambaa ndani ya kola ya sare, nambari ya simu kaandika kwa kalamu isiyofutika. Kwa ndani, si nje, watu wa njiani hawana haja ya kuisoma.

---

Umm Wawili, Shela

Assalaam aleikum wote. Mwalimu wetu nakuheshimu sana, lakini kwenye chuo sikubaliani nawe.

Mimi wangu wote wawili walianza chuo kabla ya shule, na ninaona ndicho kilichowatayarisha. Chuo chetu hapa Shela ni kwa bibi mmoja, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Watoto wanakaa mkekani, wakubwa na wadogo pamoja. Mdogo hana la kufanya siku za mwanzo ila kukaa, kusikiliza wenziwe wakisoma alif be te, na kusubiri zamu yake. Hapo ndipo binti yangu alipojifunza kwamba kuna mtu mwingine mbali na mama wa kumsikiliza na kumwambia "kaa chini." Muda wenyewe ni mfupi na nyumbani ni karibu, akilia mtu anasikia. Alipofika PP1 alikuwa anajua kukaa na anajua kungoja. Walioanza naye bila chuo walikuwa wanazunguka darasa.

Kwa hivyo dada yangu wa Langoni, mimi ningesema usimwahirishie, mpeleke sasa. Mtafutie chuo cha karibu cha bibi, si kile kikubwa chenye wana wengi. Aende huko Oktoba na Novemba, awe ameshazoea kuachana nawe. Ikifika Januari kitu kipya kitakuwa ni shule peke yake.

Na kwa mkono wa kushoto: mwanangu wa pili ndivyo alivyo. Mkasi ulitutesa kuliko kalamu. Mikasi hii ya dukani imetengenezwa kwa mkono wa kulia, akiushika kwa kushoto haukati, unakunja karatasi tu, na yeye anadhani hajui. Mwambie mwalimu amruhusu kuchana kwa vidole mpaka upate mkasi wa mkono wa kushoto. Mimi niliagiza Mombasa.

---

Mama Kifungua, Langoni, Lamu

Allah awalipe kheri nyote. Nilikaa kimya kwa sababu nilitaka nifanye kwanza ndipo nirudi na habari.

Siku ya kwanza niliyomuaga alipiga kelele mpaka mama wa nyumba ya juu akateremka kuuliza kuna nini. Nilifika sokoni nalia mwenyewe. Lakini nilimwambia nitarudi akimaliza mbaazi, nikarudi, nikamkuta amekaa kwenye daka la mlangoni na bakuli, amemenya chache, nyingi amezila mbichi. Sasa ananiuliza yeye: "Nimenye ngapi?" Bado analia nikivaa buibui, lakini kilio kinakatika kabla sijafika pembe ya msikiti, hivyo ndivyo mavyaa anavyoniambia.

Mavyaa amekuwa mgumu kwenye tonge. Kwenye ukili amekubali, tena kwa furaha. Jana walikuwa wamekaa na miyaa yao, yeye anasuka mkeka wa kweli na mjukuu ana kijifundo chake. Nikasikia anamwambia, "Shikia kwa mkono wako huo huo, usiuache uregee." Sikusema kitu.

Chuo nimemuanzisha kwa bibi mmoja hapa hapa mtaani kama alivyonishauri dada wa Shela. Kontena ya kwanza niliyonunua aliishindwa nikairudisha, mwenye duka akanielewa.

Shuleni tulikwenda darasa likiwa limejaa. Mwalimu akampa chaki bila kumwambia aandike nini, na yeye akachora mashua, kwa kushoto, mwalimu hakumbadilisha. Shida imekuwa choo. Nyumbani sasa anajivua na kuchamba mwenyewe, namsaidia kidogo. Kile cha shule alipofungiwa mlango ndani kukawa giza, akatoka mbio na hakurudi. Tangu siku hiyo akisikia neno shule anasema, "Kuna kiza."

Swali la pili: baba yake huenda akarudi kutoka dago wiki ile ile ya kwanza ya shule. Wamekaa muda hawajaonana, na mwana akimuona baba yake hamwachi. Je, akirudi nimweke nyumbani siku mbili tatu wakae pamoja?

---

Mwalimu Mstaafu, Mkomani

Umefanya kazi kubwa mwanangu, na kwa chuo cha bibi nimekubaliana na Bi wa Shela. Nilikuwa na picha ya kile chuo kikubwa. Kikiwa kidogo, karibu, na kimeanza sasa, ni kheri. Ikifika Januari mtazame tu uso wake jioni. Akisinzia kabla ya magharibi, mpunguzie siku za chuo kwa muda.

Giza la choo ni jambo la kweli, usimwambie "hakuna kitu, usiogope." Kwake yeye kipo. Nenda umuone mwalimu kabla hawajafunga, umuombe mambo mawili. Awaruhusu wadogo kwenda wawili wawili, mmoja akisimama nje, na mlango usifungwe, urudishwe tu, uwekewe jiwe ili mwanga uingie. Nilifanya hivyo darasani kwangu na hakuna mkubwa wa shule aliyenizuia. Nyumbani mchezeeni kidogo: achutame mlango ukiwa umerudishwa nusu, wewe uko nje unazungumza naye, anakujibu. Siku nyingine rudisha zaidi. Afike mahali anaimba humo ndani, sauti yake mwenyewe inamtosha. Akitaka kubeba kitochi usimkatalie.

Na umrudishe shuleni mara moja zaidi kabla hawajafunga, hata kwa muda mdogo, achore mashua nyingine. Likizo ni ndefu, asiondoke na picha ya kiza peke yake.

Baba yake akirudi, usimweke nyumbani. Wiki ya kwanza mtoto anajifunza kama shule ni ya kila siku au ni ya siku tunayotaka, na akikaa siku tatu utaanza upya kabisa. Baba ndiye ampeleke. Asubuhi wateremke pamoja, amshike mkono, amfundishe yeye mwenyewe kusimama ukutani punda wakipita, amkabidhi kwa mwalimu, amuage kwa ile ile mkono, busu, fi amanillah, na adhuhuri awe pale mlangoni. Mwambie tu mumeo kabla ya siku hiyo, kwa sababu mababa waliotoka baharini ndio hurudi kuchungulia dirishani. Mchana wote uliobaki ni wao wawili.

Kaptula mwagize fundi mbili, na aache upindo mpana chini. Wa miaka minne hurefuka kabla ya muhula wa tatu.